Nyumba ya mwajiri Shela: nimeambiwa nitakaa bure, mbona mshahara umepungua?

Mtunza Stoo, Shela

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wengine nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mtunza stoo katika hoteli moja hapa Shela, na kwa miaka sita nilikuwa nikikaa Langoni, mjini Lamu, katika nyumba niliyoipanga mwenyewe kwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 70,000, na juu yake nilikuwa nikipata marupurupu ya nyumba ya shilingi 15,000, yote yakiingia benki kwa pamoja. Mwezi wa Februari 2025 mwajiri alinihamishia katika nyumba yake mwenyewe huku Shela, kwa kuwa mizigo ya hoteli hushushwa alfajiri maji yakijaa, naye alitaka mwenye funguo za stoo awe karibu. Nyumba ni chumba kimoja, sebule na ua mdogo, ina samani zake, na umeme na maji yake vinatoka hotelini.

Niliambiwa kwamba nitakaa bure na kwamba kwa hiyo yale marupurupu ya 15,000 yataondolewa. Nililiona hilo kuwa haki. Hati ya mshahara wa Februari ilipofika, niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama na mara ya tatu nikiwa nimeketi. Neno nyumba limo humo mara tatu. Kwanza kuna marupurupu ya nyumba, sifuri. Pili kuna thamani ya makazi, 45,000, ambayo imeongezwa juu ya mshahara wangu kana kwamba nimeipokea. Tatu kuna tozo ya nyumba, 1,050, ambayo imekatwa. Chini yake yako maneno mengine: umeme 1,500, maji 500, samani 1,800, nayo pia yameongezwa. Mwisho wa hesabu hiyo kodi ya PAYE, ile ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara kwa niaba ya serikali, ni 25,870.85, na kilichoingia benki ni 36,954.15. Mwezi wa Januari, nilipokuwa bado mpangaji wa Langoni, niliingiziwa 63,075.90, na nikishalipa nyumba nilibaki na elfu 51 na ushei.

Nilimwendea mhasibu wetu kwa adabu nikamuuliza hiyo 45,000 imetoka wapi. Alinijibu kwamba nyumba hiyo kabla yangu ilikuwa ikikodishwa kwa wageni kwa 1,500 kwa usiku, na 1,500 mara siku 30 ni 45,000, basi hiyo ndiyo thamani yake. Sasa tuko Septemba, na hati saba zimekwisha kutoka kwa hesabu hiyo hiyo.

Naomba wenye ujuzi wanieleze mambo mawili. Je, ni kweli kwamba sheria ya Kenya humtoza mtu kodi kwa kitu ambacho hakukipokea mkononi? Na kama ni kweli, je, hesabu hii ndiyo yenyewe?

Kijana wa Mkomani

Pole sana kaka. Hapo umeonewa, na wala jambo lenyewe halina utata. Sheria inasema kwamba mwajiri akikupa nyumba, thamani yake ni asilimia 15 ya mshahara, basi. Asilimia 15 ya 70,000 ni 10,500, na hiyo ndiyo inayopaswa kuandikwa, iwe unakaa katika kibanda au katika jumba la kifalme. Isitoshe, ile tozo ya nyumba ya 1,050 ni kukutoza mara mbili, kwa kuwa tayari wamekutoza kwa nyumba unayokaa. Mwambie mhasibu aiondoe. Binamu yangu anafanya kazi ya ualimu bara katika shule ya binafsi, amepewa nyumba, na kwake huandikwa asilimia 15 mwaka nenda mwaka rudi.

Mhasibu Mstaafu, Malindi

Mtunza Stoo, waalaykum salaam. Nimeziandaa hati za mishahara za hoteli za pwani hii kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na suala lako ni miongoni mwa yale yaliyokuwa yakitupotezea usingizi kila mwisho wa mwezi. Kabla sijaanza, niruhusu niweke neno moja mahali pake, maana sisi watu wa pwani lugha yetu hutuchezea hapa: fedha anazolipwa mwenye nyumba tunaziita kodi, na fedha zinazochukuliwa na serikali pia tunaziita kodi. Katika maelezo yangu fedha za mwenye nyumba nitaziita pango, na kodi nitaiachia serikali peke yake.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi. Ndiyo, Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, katika kifungu chake cha 5, inahesabu kuwa pato la ajira si fedha tu bali pia nyumba uliyopewa na mwajiri na manufaa mengine yasiyo ya fedha taslimu. Sababu yake ni rahisi kuiona ukiwafikiria watu wawili wenye kazi moja, mmoja akilipwa 85,000 na kujipangia nyumba, mwingine akilipwa 70,000 na kupewa nyumba; kama wa pili hatozwi chochote kwa nyumba yake, basi kila mwajiri angegeuza nusu ya mshahara kuwa nyumba, gari na karo za watoto, na hazina ya serikali ingebaki na makombo.

Swali la pili ndilo lenye nyama. Kijana wa Mkomani amesema kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayokuhusu wewe. Kwa mfanyakazi wa kawaida, yaani asiye mkurugenzi wala mfanyakazi wa shambani, mwajiri akikodi nyumba kwa mtu mwingine asiye na uhusiano naye kisha akakukalisha humo, thamani yake ni asilimia 15 ya mapato yako ya ajira bila kuhesabu nyumba yenyewe, au pango analolilipa mwajiri, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Kwa hiyo hata hapo asilimia 15 si kikomo cha juu bali ni cha chini. Mwajiri akilipa pango la 16,000, utaandikiwa 16,000. Akilipa 9,000, utaandikiwa 10,500. Yule binamu mwalimu bila shaka yuko katika nyumba ambayo pango lake ni dogo kuliko asilimia 15 yake.

Lakini wewe hukupangiwa nyumba. Umewekwa katika nyumba ambayo mwajiri anaimiliki, na kwa hali hiyo sheria inaagiza thamani iwe pango la bei ya soko la nyumba hiyo katika mwaka huo. Mhasibu wenu, basi, hakukosea alipoiacha asilimia 15 na kutafuta bei ya soko. Alikosea soko.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kosa hili ni la kwetu hasa, Lamu, Malindi na Watamu, na mtu wa Nairobi anaweza asilione. Katika miji yetu nyumba moja ina bei mbili. Kuna bei ya mgeni, ambaye analala siku nne, anafuliwa mashuka, anapikiwa chai na kufunguliwa mlango saa nane za usiku, na ambaye hufika Desemba na Agosti na kutoonekana kabisa Mei wakati wa kusi na mvua. Na kuna bei ya mkazi, anayeingia na godoro lake na kulipa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Ile 1,500 ya kwa usiku si pango la nyumba. Ndani yake mna kazi ya mfuaji, mpishi na mlinda mlango, na mna hofu ya siku ambazo nyumba hukaa tupu. Kuizidisha kwa 30 ni kudai kwamba nyumba hulala mgeni kila usiku wa mwaka, jambo ambalo mwajiri wako mwenyewe akiulizwa atalikana haraka. Pango la bei ya soko kwa makazi yako ni lile ambalo mkazi wa kawaida angelipa kwa nyumba kama hiyo, mtaa huo huo, kwa mkataba wa mwezi au mwaka.

Nakuuliza basi: jirani zako wa Shela wanaokaa katika nyumba za namna hiyo kwa mkataba wa mwaka wanalipa kiasi gani? Ukinipa tarakimu hiyo nitakupigia hesabu yote.

Kuhusu umeme, maji na samani, tarakimu zenyewe ni sahihi. Viwango vilivyowekwa ni 1,500 kwa mwezi kwa umeme wa pamoja au wa jenereta, 500 kwa maji ya pamoja au ya kisima, na asilimia 1 ya gharama ya samani kwa kila mwezi, kwa hiyo naona samani zako ziligharimu 180,000. Hata hivyo, jumla yake ni 3,800, na hilo ni jambo jingine. Manufaa ya namna hii hayatozwi kodi mpaka jumla yake ifike kiwango fulani. Zamani kiwango hicho kilikuwa 36,000 kwa mwaka, yaani 3,000 kwa mwezi, na kwa hesabu hiyo 3,800 yako ingetozwa yote. Lakini Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya 2024, iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024, ilikipandisha hadi 60,000 kwa mwaka, sawa na 5,000 kwa mwezi. Wewe umehamia Februari 2025. Programu ya mishahara ya hoteli yenu bado inaishi mwaka uliopita. Angalia tu kwamba nafuu hii haiigusi nyumba yenyewe, ambayo huhesabiwa peke yake, na kwamba manufaa yakifika kiwango hicho yanatozwa yote, si ile ziada tu.

Ama tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, kaka wa Mkomani, hiyo haina uhusiano wowote na nyumba anayokaa. Ni ile tozo ya nyumba za bei nafuu ambayo kila mwajiriwa hukatwa, mwenye nyumba na asiye nayo, naye mwajiri huongeza asilimia 1.5 yake. Hukatwa katika mshahara wa msingi na marupurupu ya kawaida ya fedha taslimu. Manufaa yasiyo ya fedha hayamo. Asilimia 1.5 ya 70,000 ni 1,050, basi hapo mhasibu amepatia.

Mtunza Stoo, Shela

Shukran sana mzee wangu. Nimepita mtaani jioni hii baada ya maghribi nikauliza. Mwalimu mmoja anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, chumba, sebule na ua kama wangu, na mkataba wake wa mwaka ni shilingi 16,000 kwa mwezi. Mwingine wa upande wa juu, karibu na milima ya mchanga, analipa 15,000 lakini hana ua. Wote wawili wamesema wako tayari kunionyesha mikataba yao.

Mhasibu Mstaafu, Malindi

Umefanya vema, tena umefanya kazi ambayo mhasibu wenu angepaswa kuifanya Februari. Tutumie 16,000, kwa kuwa nyumba hiyo inafanana na yako hata kwa ua.

Mshahara wa 70,000 pamoja na nyumba ya 16,000 ni 86,000. Kabla ya kodi unatoa michango yako: mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, 4,200, bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75 ambayo ni 1,925, na tozo ya nyumba 1,050, jumla 7,175. Hiyo SHIF na tozo kutolewa kabla ya kodi pia ni matunda ya sheria ile ile ya Desemba 2024. Inabaki 78,825. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambazo ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, ambazo ni 2,083.25, na 46,492 zilizobaki hutozwa asilimia 30, ambazo ni 13,947.60. Jumla ni 18,430.85, ukitoa nafuu ya mtu binafsi ya 2,400 unabaki na PAYE ya 16,030.85. Kwa hiyo kinachopaswa kuingia benki ni 46,794.15.

Linganisha na 25,870.85 waliyokukata. Tofauti ni 9,840 kila mwezi. 8,700 kati yake zimetokana na bei ya mgeni, na 1,140 na umeme, maji na samani. Kwa miezi saba hiyo ni 68,880.

Sasa nakuomba usikasirike na jambo nitakaloliongeza, kwa sababu bado utaona kwamba 46,794.15 ni pungufu ya elfu 51 ulizokuwa ukibaki nazo Langoni. Sehemu ya pengo hilo haina uhusiano na nyumba, kwa kuwa michango ya NSSF ilipanda Februari 2025 kwa kila mtu wa mshahara kama wako. Kama ungebaki Langoni na 85,000 zako, Februari ungeingiziwa 61,563.90, na baada ya pango la 12,000 ungebaki na 49,563.90. Tofauti halisi basi ni shilingi 2,769.75 kwa mwezi. Kwa fedha hizo umepata nyumba ya 16,000 badala ya ya 12,000, umeme na maji bila bili, na umeepukana na nauli ya boti asubuhi na jioni. Iwapo hilo ni afueni au hasara, wewe ndiye mwenye kujua nauli zako. Ninachosema ni kwamba nyumba ya mwajiri haijawahi kuwa ya bure, na aliyekuambia utakaa bure alipaswa kukuonyesha hesabu hii kabla hujafunga godoro.

Tena, kama una shaka iwapo alikuwa na haki ya kuyaondoa marupurupu: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa au fedha za kutosha za kupangia, moja kati ya hizo. Si lazima akupe zote mbili. Ila kubadilisha kutoka hii kwenda ile kunapaswa kuandikwa katika mkataba wako, basi hakikisha una barua.

Mama wa Casuarina

Habari zenu. Mimi nina nyumba ya wageni hapa Malindi, tumeisajili kama kampuni ya familia, na nimesoma mjadala huu huku nikijiona mimi mwenyewe katika kila kona yake. Naomba niseme neno moja kumtetea yule mhasibu, ingawa sikubaliani na 45,000 yake. Kodi ya PAYE ikikatwa pungufu, KRA, yaani mamlaka ya kodi ya Kenya, haimfuati mfanyakazi kwanza. Inamfuata mwajiri, na inadai ile kodi, adhabu na riba juu yake. Ikikatwa kupita kiasi, mwajiri hapotezi chochote, kwa sababu fedha hizo hazikuwa zake. Ndiyo maana mhasibu mwoga huchagua tarakimu kubwa na kulala usingizi. Sitetei uoga, naeleza tu unakotoka.

Sasa mzee wangu Mhasibu, nina maswali yangu. Mimi ni mkurugenzi wa kampuni hii na ninakaa katika nyumba moja iliyo ndani ya uwanja wake, nyumba ambayo ni mali ya kampuni. Mume wangu pia ni mkurugenzi lakini kazi yake iko kwingine, huja mwisho wa juma. Na nyuma, katika kwota, anakaa mlinzi wetu ninayemlipa 20,000 kwa mwezi. Chumba chake, kama ningekikodisha, kingenipa labda 4,000. Mpishi naye hakai hapa, lakini anakula mchana jikoni pamoja na wafanyakazi wengine. Je, wote hawa nao wana thamani ya kuandikwa? Mlinzi nikimwambia kwamba kile chumba kinatozwa kodi, nina hakika atadhani nimepata homa.

Mhasibu Mstaafu, Malindi

Mama, kuhusu woga wa wahasibu umenena kweli, nami nilikuwa mmoja wao. Dawa yake ni karatasi. Mikataba miwili ya majirani kama aliyoitaja Mtunza Stoo, au barua ya mthamini wa nyumba, ikiwekwa katika faili la mishahara, inamtosha mhasibu kumwonyesha mkaguzi kwamba bei ya soko haikutolewa hewani.

Wakurugenzi wana kanuni kali zaidi. Kwa mkurugenzi anayeifanyia kampuni kazi kwa muda wake wote na asiyemiliki wala kudhibiti zaidi ya asilimia 5 ya hisa zake, huangaliwa asilimia 15 ya mapato yake ya ajira, pango la bei ya soko, na pango linalolipwa na mwajiri kama lipo, kisha huchukuliwa iliyo kubwa kuliko zote. Kwa mkurugenzi mwingine yeyote, kama anavyoonekana kuwa mumeo, na hata wewe ukiwa na hisa zaidi ya hizo, ile asilimia 15 hupigwa juu ya jumla ya mapato yake yote, si ya kampuni hii peke yake, kisha hulinganishwa vivyo hivyo. Sababu yake haijifichi: mkurugenzi ndiye anayejiandikia mkataba. Kama nyumba kweli ni makazi yako na yeye ni mwenye kuja kukutembelea, basi ni wewe uliyepewa nyumba, na ni vizuri kumbukumbu za kampuni ziseme hivyo waziwazi.

Mlinzi wako usimtie hofu. Ndiyo, chumba chake kina thamani na inafaa iandikwe, lakini 20,000 na 4,000 ni 24,000, kodi yake ya asilimia 10 ni 2,400, na nafuu ya mtu binafsi ni 2,400. Inabaki sifuri, hata kabla ya kutoa michango yake. Hakatwi PAYE hata shilingi. Ila kumbuka kwamba NSSF, SHIF na tozo ya nyumba hukatwa katika zile 20,000, hizo hazisamehewi kwa udogo wa mshahara.

Na mpishi, chakula kinachotolewa na mwajiri katika mkahawa wa wafanyakazi hakitozwi kama thamani yake haizidi 5,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Zamani ilikuwa 4,000. Kwa ugali, mchicha na samaki wa mchana wa Malindi sidhani kama umekaribia huko.

Mkulima wa Gongoni

Wazee, samahani kwa kuingilia. Huku kwetu nasimamia shamba la maembe na mikorosho, na mkataba unanilazimisha nikae humo humo shambani. Kwangu huandikwa asilimia 10, si 15. Je, nimependelewa au wamekosea? Na jamaa zangu wanaofanya kazi katika mashamba ya chumvi hapa hapa Gongoni wanaandikiwa 15 na wanalalamika.

Mhasibu Mstaafu, Malindi

Hawajakosea. Mfanyakazi wa kilimo ambaye masharti ya kazi yanamtaka akae shambani huhesabiwa asilimia 10 ya mapato yake ya ajira, bila kuhesabu nyumba. Hata umeme na maji ya pamoja kwenu yana viwango vidogo zaidi, 900 na 200. Nadhani mtunga sheria alijua nyumba za mashambani zilivyo. Ama jamaa zako wa chumvi, sisi huku tunayaita mashamba kwa mazoea ya ulimi, lakini chumvi haipandwi, hukaushwa kwa jua. Sioni namna ya kumshawishi mkaguzi kwamba hicho ni kilimo.

Kijana wa Mkomani

Nakubali kwamba nilikosea juu ya asilimia 15 na juu ya tozo, na nashukuru kwa kusahihishwa kwa upole. Niulize moja la mwisho: meneja wa hoteli ya rafiki yangu huko Malindi amepewa gari la kutembelea. Hilo nalo?

Mhasibu Mstaafu, Malindi

Gari lililonunuliwa na mwajiri huhesabiwa asilimia 2 ya bei yake ya kununuliwa kwa kila mwezi, isipokuwa kiwango kilichowekwa na Kamishna wa kodi kiwe kikubwa zaidi. Gari la shilingi 1,800,000 ni 36,000 kwa mwezi, kwa hiyo lenyewe peke yake limeshapita ile 5,000 na litazivuta samani, simu na umeme vitozwe pamoja nalo. Kama matumizi yake ya binafsi yana mipaka, mwajiri anaweza kuomba kiwango kipunguzwe. Huko kisiwani kwenu Lamu hili haliwasumbui sana. Punda hana kanuni yake ya asilimia 2, ingawa mwajiri akikupa mmoja bado gharama yake ni manufaa kama manufaa mengine.

Mtunza Stoo, Shela

Narudi na habari. Jana nilimpelekea mhasibu nakala za mikataba ya majirani wawili pamoja na hesabu ya mzee wangu, nimeiandika kwa mkono kwenye karatasi ya kumbukumbu za stoo. Aliisoma polepole, akafungua programu yake, akakuta kweli mahali pa kiwango cha manufaa bado pameandikwa 3,000. Hakusema sana. Alisema kwamba kuanzia mwezi huu wa Septemba thamani ya makazi itaandikwa 16,000 na yale mengine yataondoka, lakini kuhusu miezi saba iliyopita amesema kwamba fedha zimeshakwenda KRA na hana la kufanya, ningoje mwakani nidai mwenyewe nitakapowasilisha marejesho yangu ya kodi. Je, ni kweli?

Mhasibu Mstaafu, Malindi

Si kweli kwamba hana la kufanya. Marejesho ya PAYE ya kila mwezi huwasilishwa na mwajiri kupitia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na mwajiri aliyegundua kosa anaweza kuyarekebisha ya miezi iliyopita. Ni yeye aliyeandika 45,000, ni yeye wa kuifuta.

Ukikubali kungoja, tatizo litakuwa hili: mwanzoni mwa 2026 utapewa kadi ya P9, yaani muhtasari wa mapato na kodi yako, ya mwaka 2025, na kadi hiyo itabeba zile 45,000 za Februari hadi Agosti kama zilivyo. Marejesho yako mwenyewe, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni, huchota tarakimu zile zile alizoziwasilisha mwajiri, kwa hiyo mfumo utaona kwamba pato lako na kodi yako vinalingana na hutadai chochote. Utakuwa unabishana na karatasi iliyotiwa saini na mwajiri wako. Akirekebisha sasa, P9 itatoka safi, na zile 68,880 zitaonekana wazi kuwa ni kodi iliyolipwa kupita kiasi.

Mwandikie barua, si maneno ya mdomo. Taja miezi saba kwa majina, tarakimu iliyoandikwa na tarakimu iliyopaswa kuandikwa kwa kila mwezi, ambatisha mikataba ya majirani, na uombe marekebisho yafanyike kabla ya Desemba. Nakala moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Mtunza Stoo, Shela

Barua nimeiandika usiku huu, kurasa mbili. Muhuri wa kupokea mizigo ninao mwenyewe hapa stoo, lakini nitamwachia karani wa ofisi agonge wake.